Kigoda cha Mama Pacha

Zamu ya usiku ilikuwa imekwisha, lakini msimamizi alikuwa amefunga mlango wa chumba cha kufulia na ufunguo kautia mfukoni. Wanawake waliokesha wakikamua mashuka ya hospitali walisimama mistari, miguu imewavimba, wakingoja kufundishwa namna ya kuichezesha.

"Akina mama wa zamu hamfanyi mazoezi," alisema mwalimu wa mazoezi, binti wa juzi tu, filimbi shingoni. "Kukaa kunaua!"

"Kukaa wapi?" alinong'ona mpiga pasi, na wenzake wakabana vicheko.

Vigoda vyote vilikuwa vimeondolewa wiki iliyopita, eti kwa ajili ya afya zao. Hata cha Mama Pacha, alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Mishipa ilikuwa imemtoka mguuni kama mizizi, na daktari wa hospitali hiyohiyo alimwambia akae kila apatapo nafasi.

"Mwanangu, mimi niache," alimwambia mwalimu taratibu. "Daktari kanikataza kuruka."

Msimamizi ndiye aliyejibu. "Daktari ndiye anayekupangia zamu? Asiyeruka leo, kesho asije. Getini wamejaa wanaotaka kuruka."

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Msimamizi aliishia nusu ya kwanza. Mama Pacha aliwafikiria wanawe wawili, ambao baba yao alikuwa hajulikani aliko, akameza hasira yake chungu.

Akaruka. Mpiga picha aliyeletwa na msimamizi akahangaika kutafuta wanaotabasamu. Mara kitu kikapasuka juu ya kifundo cha mguu wa Mama Pacha, na damu ikachupa hadi kwenye viatu vyeupe vya mwalimu. Filimbi ikamponyoka binti wa watu, akapepesuka kutaka kuanguka.

"Kigoda!" msimamizi akapaza sauti. "Leteni kigoda upesi!"

Kikaletwa kutoka ofisini kwake. Mama Pacha alikijua kwa ule mguu aliouunga kwa msumari. Akanyoosha mkono, akamshukuru Mungu. Msimamizi akampita, akamkalisha mwalimu, akaanza kumpepea.

Mpiga pasi alivuta shuka lililokuwa karibu, akamfunga mwenzake mguu.

"Shuka la wodi hilo," msimamizi alisema bila kugeuka. "Alifue kabla hajatoka."

Mama Pacha akashika ukuta, akabaki amesimama, shuka likiendelea kulowa.