Barua Iliyozikwa na Yago

Mimi Akello nilikuwa nimeichoka ile simu. Kutwa kucha dada yangu Apiyo alikuwa anampigia mwanawe Okal, na kila mara anajibiwa na yule mama wa mtandao: haipatikani kwa sasa. Itapatikanaje, jamani? Shimo la dhahabu lilimfunika Okal, simu ikiwa mfukoni. Walichimba wakachoka, hawakumpata.

Kwetu Wajaluo, mwili usipoonekana tunazika tunda la yago badala yake. Shemeji yake dada, Odongo, alilileta toka mtoni, refu, zito, akalifunga kwa shuka, akalilaza sebuleni. Kaburi likachimbwa. Apiyo akaketi mlangoni, akaziba njia.

"Mimi sitazika tunda! Nilizaa mtu."

"Shemeji, watu wanasubiri," Odongo akasema.

"Wasubiri. Sijamaliza kuongea naye."

Tangu habari itufikie hapa Nyamwaga hakuwa ametoa hata chozi. Hali, halali, macho makavu. Niliogopa. Niliona kabisa tutachimba kaburi la pili. Basi nikamnyang'anya simu.

"Huku hakuna mtu, dada! Unataka kuongea naye? Mwandikie."

Nikachana karatasi kwenye daftari langu la kwaya, nikampa na kalamu.

"Mkono wangu umesahau kuandika."

"Utakumbuka. Acha ubishi."

Akapiga magoti, karatasi juu ya stuli. Aliandika herufi kubwa kubwa, kama mtoto wa darasa la pili. Jua lilikuwa linashuka na Odongo anakohoa nje, lakini sikumharakisha. Kwenye simu alikuwa na neno moja tu, pokea, pokea. Sasa kila neno ilibidi alitafute. Mara chozi la kwanza likadondoka juu ya karatasi. Akalia, mama wee, akalia huku anaandika, karatasi ikalowa, akaomba nyingine.

Alinisomea mwisho tu: "Kila jioni nakuwekea chakula, nafunika na sahani. Leo sitaweka, baba. Usinione mbaya."

Akaikunja, akaichomeka ndani ya shuka, akaondoka mlangoni.

"Haya. Mchukueni."

Tukazika. Usiku ule alilala, mimi nikabaki nalia peke yangu.

Asubuhi nilimrudishia simu. Akaitazama, akaiweka chini.

"Lile daftari lako liko wapi?" akaniuliza.