Zamu ya Kusimama

Fundi cherehani alikuwa anapindia jezi ya mwisho ya mbio za wanawake, za kuchangia wodi ya saratani, wakati kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, alipoingia na raba mpya miguuni.

"Dada, mmenibagua. Mama alikuwa wetu sote, na ugonjwa hauchagui. Mchango wangu una ubaya gani?"

"Mchango tumepokea. Ila kukimbia, hutakimbia."

"Kisa na maana?"

Dada mtu alikata uzi kwa meno. Alijua kaka yake hakukosea yote. Hata wanakamati wa mbio walilibishania jambo hilo mpaka wakachokana. Lakini hasira zake hazikuwa za kamati.

"Mama alipolazwa ulikimbia, tena peke yako, na hakuna aliyekuuliza kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Sisi tulibaki kumgeuza kitandani."

Kaka mtu akainamia raba zake.

Dada akamtupia jezi iliyoandikwa MHUDUMU. "Kesho kuna meza ya maji kona ya mwisho. Utasimama hapo mpaka apite wa mwisho, hata kama anatambaa. Safari hii usikimbie."