Mfereji wa Beatus

Mto Kilombero haujui kulalia ubavu mmoja. Mwaka huu umelalia huku, baada ya misimu miwili mitatu umejigeuza, na anayekaa karibu nao ndiye anayebanwa. Pale chini ya Idete ulikuwa umejikunja kama mkono kiwikoni. Ndani ya kona, ng'ambo, lilikuwa shamba la mpunga la Levina na mumewe Beatus. Nje, kwenye ncha ya kiwiko, upande wa nyumbani, lilikuwa kaburi la Omega.

Omega alikuwa kitinda mimba wao. Alifariki masika ambayo maji yalifunga njia ya kwenda makaburi ya misheni, ikabidi azikwe pale juu ya kichuguu, pasipofikiwa na mafuriko. Katekista alisali suruali ikiwa imelowa hadi magotini, na Beatus akasimika msalaba wa mninga. Siku hizo mto ulikuwa mbali, hata sauti yake huisikii.

Lakini maji yanayopinda hula ukingo wa nje na kutema mchanga ukingo wa ndani, na watu nao hawakukaa kuyatazama tu. Walikata matete ya kuezekea, Levina na Beatus wakiwamo, mizizi iliyoshika udongo ikaoza. Ng'ombe wakashuka kunywa papo hapo. Huko juu milimani watu walifyeka, mvua zikawa zinateremka na tope. Kila masika ukingo ulimeguka mapande mapande, na mto ukasogea kaburini.

Levina akawa anaota. Ndotoni mto hauna haraka wala ubaya. Unapanda taratibu, unamfunika mtoto kama shuka, unamchukua angali amelala. Akiamka jasho linamtoka, anakwenda kutazama kama msalaba upo.

"Tumhamishe," Beatus alimwambia. "Niite wazee wa ukoo, tumpeleke misheni."

"Asiguswe," alijibu Levina. "Nikiiona mifupa yake, Baba Edna, utanizika na mimi."

Beatus hakulirudia neno hilo. Kiangazi kilichofuata alivuka kwa mtumbwi kila asubuhi na jembe lake, akachimba mfereji katikati ya shamba. Alimwambia mkewe kwamba ni wa kumwagilia. Akachimba kwa kufuata njia ya viboko, ule mtaro wanaouchonga kwa matumbo yao wakipanda kutafuta majani. Udongo hapo ni laini, hilo halina ubishi. Lakini mtu wa bonde hili asiyejua kwamba maji hupenda kupita alipopita kiboko, huyo kakulia wapi? Tena akaacha wazi ncha zote mbili.

"Shemeji," jirani yao Polycarp alimwambia Levina, akicheka mpaka kashika mbavu, "huyu mumeo anamwagilia mpunga au anaukaribisha mto? Mfereji gani una mlango wa kuingilia na wa kutokea?"

Levina alimtetea mumewe, akatetea tena, mwishowe akachoka.

Masika yakaja. Mto ulifika kwenye mdomo wa mfereji, ukaonja, ukapita. Kwanza kijito cha kuruka, kisha cha kuvuka kwa mtumbwi, kisha mto wenyewe mzima mzima, na magogo yake na povu lake. Ulipita katikati ya mpunga uliokwisha kubeba mimba. Dungu lao, kile kibanda cha juu walichokalia kufukuza ndege, liling'oka likaenda limesimama vile vile, likizunguka polepole, na Levina akalitazama kutoka ukingoni kama mtu anayeota mchana. Kisha akalia kwa sauti. Shamba lile ndilo lililowalisha, na ndilo lililomsomesha binti yao Edna hadi sekondari.

Hakumsemesha mumewe. Alimpikia, alimwekea maji ya kuoga, lakini neno hakumpa. Moyoni alimwita mpumbavu, na kila alipomwita hivyo aliumia zaidi, maana alimpenda.

Maji yalipopungua alikwenda kaburini, akijua hatakuta kitu. Akakuta msalaba umesimama. Ukingo haukuwa umemeguka hata bonge moja. Chini yake, pale mto ulipokuwa ukivuma, palikuwa na bwawa lililotulia tuli. Mchanga ulianza kuliziba huku na huku, yungiyungi zilikuwa zinafunguka, na ndege mmoja mwenye vidole virefu alitembea juu ya majani yake bila kuzama. Palikuwa kimya hata Levina alijisikia akipumua. Mto ulikuwa umehamia kule shambani, umenyooka, hauna tena haja ya kuzunguka huku.

Alikaa kando ya kaburi akayatazama yale maji yaliyosimama. Hakujua amekaa muda gani, jua lilikuwa linapita juu yake naye hana habari. Mume wake alizaliwa kwenye bonde hili, mtoto wa mvuvi. Mtu kama huyo hasahau kuziba mfereji.

Alimkuta Beatus nyuma ya nyumba akitia jembe mpini mpya.

"Baba Edna, ulikuwa unajua."

Beatus hakuinua uso. "Nilikuwa najua."

"Ukaacha watu wakucheke. Ukaniacha nikununie siku zote hizi."

"Ulisema asiguswe."

"Ungeniambia!" Levina alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Lile shamba ni letu sote. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza, Mama Edna."

Levina alifungua mdomo kusema hapana. Mama gani angekataza? Lakini aliukumbuka ule udongo mweusi unaoshika miguu, magunia yakipangwa hadi darini, Edna akirudi likizo na kula mpaka anacheka. Alijua kwamba angemkataza. Angelia, angefunga, angesali, na angemwacha Omega aende na maji.

Aliketi chini mavumbini, na Beatus akaliweka jembe kando, akaja kukaa naye.