Jina la Nusra

Tangu utotoni Ghalia alijua kuwa mama yake ana majina mawili. Nyumbani na msikitini alikuwa Bi Ummukulthum. Kwa daktari na kwenye barua za serikali alikuwa Nusra Hafidh. "Hilo jina la karatasi," mama alikuwa akisema, na Ghalia hakuuliza zaidi, maana hawakuwa peke yao walioingia Uingereza kwa pasi isiyo yao. Nusra mwenyewe, mdogo wake mama, Ghalia aliambiwa kaolewa Maskati na kuwasahau ndugu zake.

Mwaka huu mama alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na Ghalia akarudi Woolwich kumuuguza katika nyumba ile ile aliyokulia. Ilikuwa nyumba kongwe ya ghorofa tatu, unyevu umepanda hadi karatasi za ukutani zimevimba kama ngozi iliyoungua. Baba yake, Mzee Matar, alikufa bila kumruhusu fundi yeyote kufika ghorofa ya juu. Sasa maji yalikuwa yanadondoka ngazini, basi Ghalia akamwita Gurmit, fundi wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu.

Haikupita saa moja, Gurmit akaita kutoka juu.

"Dada, kuja uone. Hii si ukuta."

Alikuwa amebandua karatasi. Chini yake mlikuwa na mbao, na nyuma ya mbao mlango. Komeo lake lilikuwa upande wa nje, limeshika kutu, ikabidi aligonge kwa nyundo.

Kilikuwa chumba kidogo, dirisha limezibwa kwa matofali. Mlikuwa na kitanda cha chuma, beseni, na msala uliokunjwa vizuri. Ukutani mtu ameandika kwa penseli, safu juu ya safu, kuanzia usawa wa kitanda hadi pale mkono ulipoishia: Nusra binti Hafidh. Nusra binti Hafidh. Nusra ni mimi.

Gurmit akaweka nyundo chini taratibu. "Nitangoja kwa gari," akasema.

Ghalia akakaa kwenye ngazi. Alipokuwa na miaka mitano alizisikia hatua juu ya kichwa chake, na baba akamwambia ni jirani. Msimu mmoja wa baridi zikakoma. Akainuka, akateremka sebuleni, kilipokuwa kitanda cha mama.

"Mama, Nusra yuko wapi?"

Bi Ummukulthum alikuwa ameisikia nyundo. Hakujifanya hajui.

"Alikuja miaka michache baada yetu, kwa pasi ya kuazima. Haikupita wiki akataka jina lake. Anasema atakwenda Uhamiaji, awaambie mimi siye Nusra. Baba yako akaona tutarudishwa, na kule kwetu yeye alikuwa akitafutwa na serikali. Akamfungia siku mbili tu, mpaka atulie."

"Siku mbili."

"Zikawa wiki. Halafu tukaogopa kumfungulia, maana sasa tuna kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza."

"Nani alimpelekea chakula?"

"Mimi. Akiniomba, nami naweka sahani, narudisha komeo. Miaka miwili."

"Alikufaje?"

"Kifua. Alikohoa wiki tatu. Ningemwita daktari angeuliza mgonjwa nani, na Nusra kwenye daftari lake ni mimi." Akaongeza, kama anayejitetea, "Nilimwosha mwenyewe. Baba yako alimsalia. Tulimwelekeza kibla."

Macho yake yalikwenda dirishani, kwenye sakafu ya zege aliyoimwaga Mzee Matar bustanini, pale Ghalia alipojifunzia baiskeli.

"Ningoje nife kwanza, mwanangu. Sikawii."

Saa ya sindano ya sukari ilikuwa imefika; Ghalia akamdunga, akamfunika shuka, kisha akaenda jikoni akawapigia polisi.

Walichimba siku mbili nyuma ya hema jeupe. Mifupa ilikuwa imelazwa ubavu wa kulia, kuelekea kibla, kama mama alivyosema. Jamaa waliokuwa wakija kila Idi walipiga simu, mmoja baada ya mwingine, si kuuliza habari za marehemu bali kumlaumu Ghalia kwa kumwaibisha mzazi wake. Siku ya maziko walikuja watu wanne. Mama alipelekwa kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa kungoja kesi ambayo madaktari walisema hataiwahi.

Kila Ijumaa Ghalia humpelekea uji na kumlisha. Mama alikula miezi mitatu bila kumsemesha, macho kayaelekeza ukutani. Wiki iliyopita ndiyo kwanza alizungumza.

"Mmemzika pahala pa wazi?"

"Pa wazi, mama. Hakuna hata mti karibu."

Bi Ummukulthum akafumba macho, akafungua kinywa kungoja kijiko kingine.