Donge la Masolwa

Jumanne ya tarehe 14 Agosti 1951 ilianza kwa baridi na upepo mkavu wa mashariki, ulioleta vumbi na moshi wa mapori yaliyochomwa. Alasiri upepo ulitulia, na Mwalimu Anselm akachukua jembe akachimba mashimo matano katika sakafu ya udongo ya darasa la watu wazima.

Darasa lilikuwa la kigango, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Wanafunzi walisali, wakaketi. Eustadia aliketi na mdogo wake Raymundi upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa wazi tangu mumewe, Masolwa, alipoandikwa kwenda kukata mkonge Tanga.

"Leo tunacheza," alisema Mwalimu. "Sakafu iliyo sawa ni sifuri. Nikiichimba napata vitu viwili: donge na shimo. Donge ni moja ya kuzidi, shimo ni moja ya kupungua. Vikikutana, sakafu inarudi kuwa sawa."

Raymundi alipewa madonge matatu na mashimo yote matano. Alijaza matatu, akabaki na mawili.

"Sasa mimi ni maskini kuliko asiye na kitu," alisema, na darasa likacheka.

Mwalimu akachukua donge lake mwenyewe, akaziba shimo moja kati ya yale mawili. "Kumwondolea mtu shimo ni sawa na kumwongezea donge. Lishikeni neno hilo."

Eustadia alilishika. Alikuwa amechelewa kuanza kusoma, na kila alichofundishwa alikirudia njiani pamoja na Salamu Maria.

Mchezo ulipokwisha na mashimo yote yakazibwa, lilibaki moja ambalo hakuna aliyelichimba. Lilikuwa mahali pa Masolwa, upana wa bakuli. Mwalimu alitia donge, likapita. Akatia jingine, nalo likapita. Ikatoka harufu mbichi ya mkonge, kisha mtu akakohoa.

"Ni Masolwa," alisema Eustadia.

"Kwa kifua hicho apewe maji ya moto," alisema Imakulata, aliyeketi nyuma yake.

Hakuna aliyepiga kelele. Kizingitini pa darasa palikuwa na shimo kama hilo tangu enzi za misafara, na kila mtu alilivuka bila kutazama chini. Watoto walikatazwa kutega sikio hapo, maana waliokuwa wakiitikia walikuwa wengi mno.

Tangu siku hiyo Eustadia alifika mapema. Alifagia kulizunguka shimo, akasali rozari, akadondosha karanga za kukaanga. Baadaye alimsikia mumewe akitafuna. Wiki iliyofuata alisikia kikohozi tu. Halafu ikawa jioni ambayo karanga zilianguka na hakuna aliyezitafuna, na kilichosikika kilikuwa upepo ukipita kwenye majani ya mkonge. Mwalimu Anselm akawaongoza wanafunzi katika sala ya marehemu, kisha wakaendelea na hesabu za kutoa.

Mwishoni mwa mwezi alikuja Mabruki, karani wa kuandikisha watu wa mkonge. Kazi hiyo aliifanyia darasani, kwa kuwa palikuwa na kivuli na viti. Aliitazama sakafu, akauliza kama kigango hakina mkeka. Mkeka ukaletwa, ukatandikwa juu ya shimo. Mwanangwa Lugembe, mkuu wa kijiji, akamtaja Raymundi, kijana mwenye nguvu na asiye na mke.

Eustadia akasimama. "Shikamoo, Bwana Mabruki."

"Marahaba, mama."

"Hapa chini ya mkeka kuna shimo. Donge lake liko wapi?"

"Donge gani tena?"

"La Masolwa. Shimo haliji peke yake. Likiwa hapa kwetu, donge liko kwa aliyechimba. Ondoa kwanza shimo hili, ndipo uchimbe jingine."

Mabruki akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akatazama ubao. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini kiwanja cha darasa kilikuwa kimetolewa na mwanangwa.

"Hizo ni hesabu za jioni, mama," alisema Mabruki kwa upole. "Za mchana ninazo mimi."

Raymundi alibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akalifuta kwenye kaptura yake. "Dada, usiache kudondosha karanga," alisema. "Ila mimi nazitaka zenye chumvi. Shemeji alikuwa anakula chochote."

Alipoketi mahali pake pa siku zote, mkeka ulibonyea taratibu hapo pia, chini ya miguu yake, upana wa bakuli. Imakulata akasogeza kikapu chake.

Lilibaki jambo la mwisho, kiapo ambacho wazee walikidai kila mwaka kabla ya watu kuondoka. Mabruki alisimama, akaweka mkono kifuani. Maneno yalikuwa yale yale ya mwaka jana na ya mwaka juzi, na watu walikuwa wakiyajua kama litania, basi wakayasema pamoja naye: Mwalimu, mwanangwa, Raymundi mwenyewe, hata Eustadia, ambaye midomo yake ilizoea kuitikia:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu mashahidi, kila ninayemchukua nitamrudisha mwenyewe, mpaka hapa hapa alipoketi."