Paka Ndani ya Sanduku la Gambusi

Umekichi alikuwa geisha, mwanamke wa kuwaburudisha wageni kwa nyimbo, katika mji wa Hachioji, Japani, tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi bila msaada wa rangi. Sasa, kwa sababu ya vita, serikali ilikuwa imezifunga nyumba zote za starehe, ikamvalisha suruali ya kufunga vifundoni na kumpeleka kiwandani kushona miavuli ya kurukia ya jeshi la anga. Kutoka enzi zake alibakiwa na gambusi la nyuzi tatu na paka mweusi aliyeitwa Ohagi, jina la kitafunwa cha mchele na maharage matamu. Sukari ilishapotea mtaani, kwa hiyo Umekichi alizoea kusema huyo ndiye utamu pekee uliobaki.

Ndipo ikatoka amri: kila paka akabidhiwe kwa balozi wa nyumba kumi, ngozi zikawatie joto marubani. Umekichi akamlaza Ohagi ndani ya sanduku refu la gambusi, pamoja na gambusi lenyewe, akaegesha kifuniko apate kupumua, akakaa mlangoni kama mtu anayengoja posa.

Balozi alikuwa Kuroiwa, muuza tofu, vile vipande laini vya soya, asiye na tofu. Alikuja na gunia. Nyuma yake alikuwa mwanawe Yasuo, amevaa sare mpya ya jeshi.

"Paka wako yuko wapi, dada?"

"Kaponyoka na dume la kwa mchoma mkaa. Wanawake wa nyumba hii, balozi, si unatujua?"

Kuroiwa akacheka, kisha akaangalia barabarani kama kuna aliyemwona. "Nitawajulia wapi? Mimi nilikuwa naishia mlango wa nyuma na ndoo yangu."

"Ndoo moja ya tofu, unaishusha hadi wimbo unakwisha!"

Yasuo akainama. "Shangazi, kesho naondoka. Nami nilikuwa nasikiliza pale pale, nimeshika shati la baba. Nipigie ule wa mvua. Mara moja tu."

Umekichi akalitazama sanduku. Angeweza kusema ngozi ya gambusi imepasuka. Msimu ule wa mvua ngozi hupasuka zenyewe, na nani angebisha? Ulimi wake ulishawasifia wenye vipara uzuri wa nywele zao, wakaamini.

"Ngozi…" akaanza.

Kola ya sare ilikuwa pana mno kwa shingo ya kijana; mwenzake angeweza kuingia humo. Umekichi alishawaona vijana wa mtaa ule wakirudi ndani ya visanduku vyeupe vya mifupa, vifuani mwa mama zao.

Akafunua kifuniko.

Ohagi alikuwa amelala, kichwa juu ya gambusi, kama juu ya paja la ndugu yake. Na ni ndugu kweli: gambusi lile liliwambwa kwa ngozi ya paka, alama za chuchu bado zinaonekana.

"Dada," Kuroiwa akasema taratibu, "ungesema ngozi imepasuka."

"Nilitaka."

Yasuo akampakata paka. Umekichi akapiga wimbo wote, na Ohagi akakoroma kwa raha hadi mwisho.

"Baba, muache."

"Nimeshachukua wa jirani, watoto wanalia. Nikimuacha huyu, nitawatazama vipi? Halafu huko juu kuna baridi, mwanangu."

"Mimi si rubani, baba. Mimi ni wa kutembea kwa miguu."

Kuroiwa akafungua gunia.

Majira ya kupukutika majani, Yasuo alirudi ndani ya kisanduku cheupe. Kilikuwa chepesi: ndani hamkuwa na mfupa, ila karatasi yenye jina lake. Kuroiwa akaja nacho hadi kwa Umekichi. Hakwenda mlango wa nyuma.

"Ule wa mvua, dada."

Umekichi akalitoa gambusi. Manyoya meusi yalikuwa bado yamenata juu ya ngozi. Hakuyafuta. Akapiga, na kabla ya ubeti wa pili ngozi ikapasuka kwa mlio mkavu.

Kuroiwa akaigusa ngozi iliyopasuka.

"Haiwezi kuwambwa nyingine?" Kuroiwa akauliza.

"Inaweza," akasema Umekichi. "Niletee paka."