Mtoto wa Mabakuli

Leya alimhudumia Bibi Verna kwa miaka mitatu, na kwa muda mrefu kati ya hiyo aliamini kwamba bibi yule anaogopa mikono yake.

Leya alikuwa Mrundi aliyekulia katika kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma. Mwaka 2007 aliletwa Ohio pamoja na mumewe, Ferdinandi, na mtoto wao wa pekee, Ange. Walipanga chumba na sebule huko Whitehall, pembeni mwa Columbus, nyuma ya duka la matairi. Ferdinandi alipakia mizigo ghalani. Leya aliajiriwa na kampuni ndogo ya kutunza wazee, na asubuhi nne kwa wiki alikwenda kwa Bibi Verna, mjane wa miaka sabini na kitu aliyeishi humo humo Whitehall, peke yake na mbwa mzee wa rangi ya kahawia.

Bibi Verna alikuwa mpole. Alikubali kuogeshwa, kuchanwa nywele, hata kukatwa kucha za miguu. Chakula ndicho hakukubali kuletewa. Leya akipika supu na kuipakua, bibi angejikongoja na mkongojo wake mpaka jikoni, aimwage ile supu kwenye sufuria, ajipakulie mwenyewe, na kula akiwa amesimama kando ya jiko.

"Ananiona mchafu," Leya alimwambia mumewe.

"Wazee wa Kizungu wana mambo yao," alijibu Ferdinandi. "Wewe fanya kazi yako."

Mwezi wa kumi mwaka 2014, tarehe ishirini na moja, Leya alikuwa akikunja nguo za bibi sebuleni na machozi yakamtoka. Kila mwaka siku hiyo humjia vibaya. Bibi Verna alizima televisheni akamuuliza kulikoni. Leya hakuwahi kumweleza mtu yeyote, si mumewe, si mchungaji. Lakini mbele yake aliketi mwanamke asiyemjua ndugu yake hata mmoja, asiyeweza kuitamka hata tarafa aliyozaliwa. Akasema.

Alisema kwamba mwaka 1993, rais alipouawa na nchi ikaharibika, yeye alikuwa na miaka kumi. Mwalimu wake, Hyacinthe, aliyemfundisha kusoma, alijificha na mkewe katika banda la kukaushia kahawa, chini ya magunia. Leya aliwaona wakiingia. Kesho yake wanaume walifika na mapanga, mjomba wake akiwemo, wakawauliza watoto kama kuna aliyemwona mwalimu. Wenzake walinyamaza. Yeye alikuwa ndiye anayejua, na moyo wake ulifurahi kuwa ndiye anayejua. Akaonyesha banda kwa kidevu.

"Uliyaona mapanga?" aliuliza Bibi Verna.

"Niliyaona."

Bibi hakusema pole. Aliwasha tena televisheni, wakaitazama mpaka muda wa Leya ukaisha. Lakini juma lililofuata, Leya alipokuwa akimwosha nywele, alianza kuzungumza huku amefumba macho, kichwa kikiwa juu ya beseni.

Alizaliwa Halvern, mji mdogo wa viwanda vya vyungu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Columbus. Mama yake alikuwa na nyumba ya wapangaji. Katika majira ya baridi ya mwaka 1949 wapangaji watatu, wote vibarua wa kiwandani, walikufa mmoja baada ya mwingine kwa maumivu ya tumbo. Ikaja kugundulika kwamba mama alikuwa akiwatilia sumu ya panya kwenye supu, kwa tamaa ya bima zao. Alifungwa maisha, akafia gerezani. Aliyekuwa akipandisha mabakuli ya supu vyumbani ni Verna, mwenye miaka tisa.

"Mahakamani waliniuliza kama nilijua. Nikasema hapana. Mama mdogo akanichukua Louisville, nikapewa jina la ukoo wao, nikakulia huko. Halvern wananiita mtoto wa mabakuli mpaka leo. Wana vitabu vyao, wana matembezi yao kila vuli, wanapita nyumba za mauaji ya zamani wakisimuliana. Bado wanabishana kama nilijua."

Leya aliendelea kummiminia maji polepole.

"Wa kwanza sikujua," alisema Bibi Verna. "Wa pili sikujua. Siku ya wa tatu, mama aliniambia nisilambe kijiko. Hapo nikajua. Nikapanda ngazi na bakuli."

Tangu siku ile Leya hakusumbuka tena na habari ya supu. Aliacha sufuria jikoni, akaweka kiti kando ya jiko, na bibi akawa anakula ameketi.

Sasa, nyumbani kwa Leya kulikuwa na shida nyingine. Ange alikuwa amefikisha miaka kumi na minne, na mama yake alikuwa amempoteza humo humo ndani ya nyumba. Akisemeshwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, maneno mawili matatu, hedifoni masikioni. Alichosikiliza ni vipindi vya mauaji ya kale: nani alimuua nani, ushahidi uliharibikaje, mpelelezi alikosea wapi. Alikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni la watu wanaochambua kesi za zamani za Ohio. Leya alikuwa akisimama mlangoni na sahani ya wali, anamtazama mtoto wake anavyowasikiliza watu asiowajua kwa makini ambayo yeye hajawahi kuyapata.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, theluji imezuia magari yasitoke, Ange alisema jikoni, kwa Kiingereza, bila kumlenga mtu, kwamba kuna mji unaitwa Halvern wenye kesi nyingi kuliko ukubwa wake.

"Naijua Halvern," alisema Leya.

Ange akatoa hedifoni sikio moja. "Unaijuaje?"

Leya angeweza kunyamaza pale. Baadaye alikuja kuukumbuka ule muda, mfupi kama wa kugeuza chapati, ambamo mlango ulikuwa bado haujafunguka. Lakini mtoto alikuwa anamtazama. Akasema mtoto wa mabakuli yu hai. Ange akatoa hedifoni ya pili, akavuta kiti, akaketi. Akauliza kwa Kiswahili, "Mama, unamjua? Kweli?" Leya akaeleza yote, mpaka kijiko, mpaka ngazi. Alieleza vizuri. Aliona macho ya binti yake yamemkodolea, akaongeza namna bibi alivyozungumza, na beseni, na mbwa. Walikaa pale karibu saa mbili. Leya alilala siku ile akiwa na furaha.

Mwezi wa nne, Leya akiwa bafuni kwa Bibi Verna anasugua sinki, kengele ya mlango ililia. Alisikia sauti ya mwanamume, ya adabu sana, ikijitambulisha kuwa imetoka Halvern, inapenda historia, haitachukua muda. Kisha ikauliza, "Kuhusu bakuli la tatu, mama, unaweza kutuambia kwa maneno yako mwenyewe?"

Mlango ulifungwa. Leya alipotoka, Bibi Verna alikuwa ameushika mkongojo wake kwa mikono miwili. Nje, mwanamume yule na mwanamke mmoja walikuwa wakiipiga picha nyumba kutoka barabarani.

"Bakuli la tatu nilimwambia mtu mmoja," alisema bibi.

Leya alikuwa bado ameshika kitambaa cha kusugulia sinki.

"Chukua mkoba wako, Leya. Usirudi."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, kisha akaenda kukaa jikoni.

Leya alipofika nyumbani alimkuta Ange ametoka shule. Alimwomba amwonyeshe alichoandika. Kilikuwa kirefu, na kiliandikwa kwa ufundi: jina Verna, mtaa wa Whitehall, mbwa wa kahawia, kijiko, ngazi. Watu mia nne na zaidi walikuwa wamejibu. Wengine walimwita bibi muuaji. Mmoja aliweka picha ya nyumba yake.

"Sikuandika anwani," alisema Ange. "Mama, hukuniambia ni siri."

Ilikuwa kweli. Leya aliipitia tena Jumamosi ile kichwani, akitafuta mahali aliposema "usimwambie mtu." Hakusema. Kusema hivyo kungempunguzia utamu wa hadithi.

Ange alifuta maandishi yake siku hiyo hiyo. Wengine walikuwa wameshayanakili.

Leya alingoja simu ya ofisini. Alijua kampuni ikipata malalamiko ya namna ile atafukuzwa, na alitaka afukuzwe. Msimamizi alipiga baada ya siku tatu. Alisema mteja ameomba kubadilishiwa mhudumu, hakutoa sababu, ila amesema kazi ya Leya ilikuwa nzuri. Leya aliketi kwenye ngazi za nje na simu mkononi. Bibi yule angeweza kumlipiza kwa neno moja. Siri ya banda la kahawa alikuwa nayo, na alikuwa ameihifadhi. Kesho yake Leya alikwenda ofisini mwenyewe, akasema alichofanya, akarudisha sare. Ferdinandi alipouliza kwa nini ameacha kazi, alimwambia mgongo unamuuma.

Mwezi wa tano Bibi Verna alihama. Jirani yake alimwambia Leya kwamba amekwenda kwa binti wa marehemu mumewe huko Buffalo, mtaa wa Riverside, akampa anwani. Shule zilipofungwa, Leya alimchukua Ange wakaendesha saa tano na nusu. Walilala kwa Nadine, binamu yake Leya, aliyenunua nyumba kuukuu katika mtaa wa jirani wa Black Rock. Asubuhi, baada ya chai, walikwenda Riverside.

Bibi Verna alikuwa amekaa kibarazani na blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda. Kati ya nyumba mbili za mbele, mto ulionekana. Binti wa mumewe alitaka kuwarudisha, lakini bibi akamwambia awaache.

Leya alisimama chini ya ngazi. Alikuwa ameyapanga maneno ya Kiingereza njia nzima. Alisema, "Nimekuja kuomba msamaha. Si mtoto. Ni mimi niliyesema."

"Miaka sitini na mitano sikumwambia mtu," alisema Bibi Verna. "Hata mume wangu. Nikakwambia wewe, nikidhani unajua uzito wake."

"Niliujua."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Leya aliinamisha kichwa. Alitamani atukanwe, atemewe mate, apewe kitu cha kubeba. Bibi alimgeukia Ange.

"Na wewe, watu wakikuuliza kama ulijua, jibu ukweli mapema. Ukichelewa, hautakusaidia tena." Kisha akasema amechoka. Hawakukaribishwa kuketi, na hakuna aliyesema neno la kusamehe.

Njiani kurudi, walipofika mji wa Erie, Leya aliingia sheli kuweka mafuta.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "alisema ulijua uzito. Uzito gani?"

Leya aliegesha gari pembeni, karibu na mashine ya kujazia upepo, akazima injini. Alimweleza habari ya Mwalimu Hyacinthe. Safari hii hakupamba. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili Ange alingoja. Alipomaliza, alitarajia mtoto afungue mlango atoke, au alie. Ange alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Mwalimu alikuwa na watoto?"

"Wawili. Walikuwa kwa bibi yao."

"Wako wapi sasa?"

"Sijui," alisema Leya. "Sijawahi kuuliza."

Ange aliuvuta mkanda wake. Akaufunga, na wakaendelea mpaka Whitehall.

Vuli ile Ange aliwaandikia waandaaji wa matembezi ya Halvern, akawaomba waondoe habari ya bakuli la tatu. Walimjibu kwa upole kwamba historia ni mali ya wote, wakamshukuru kwa mchango wake. Alimsomea mama yake ile barua mpaka mwisho, kisha akaingia bafuni, akakaa humo muda mrefu. Bibi Verna alifariki mwezi wa pili mwaka 2016. Leya alizipata habari kwa Nadine, wiki mbili baada ya mazishi.

Wakati huo Leya alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kufungasha sabuni. Jumapili moja, baada ya ibada, Mama Kanyana, mzee wa kanisa aliyempokea tangu siku za kwanza Ohio, alimshika mkono. Alisema mama mkwe wake anakuja kutoka Kigoma, hajiwezi, na familia imekaa ikaona hakuna wa kumtunza mchana ila Leya.

"Siwezi, mama," alisema Leya.

"Mgongo?"

Watu walikuwa wakipita na sahani za chakula. Ange alikuwa karibu, anakunja viti, na Leya alijua anasikia.

"Si mgongo. Bibi niliyekuwa namtunza aliniambia siri yake nikaitoa. Watu wakamfuata mpaka mlangoni. Alihama nyumba yake kwa sababu yangu."

Mama Kanyana alimtazama. Kisha akauachia mkono wake, taratibu, akasema atawauliza wengine, akaenda kuwasalimia waliokuwa mlangoni. Leya alibaki amesimama. Alipogeuka, Ange alikuwa bado pale na kiti mkononi. Akakiweka juu ya vingine, akachukua cha pili, na Leya akaenda kumsaidia kukunja vilivyobaki.